Nilimtafuta kaka yake bibi, nikampata dada yake

Najua mmeona kimya hapa kijiweni, na wengine mmenitumia meseji kuuliza kama nimefukuzwa chuo. Sijafukuzwa. Bumu lilichelewa, mitihani ikawahi, halafu likizo yote nilikuwa Kusini. Leo nawaletea historia, ila si ile ya darasani ya magavana na mikataba. Ni ya ukoo wangu, na nimeona niiandike mapema kabla haijapotea kama madaftari yangu ya mwaka wa kwanza.

Mambo yalianza hivi. Mwalimu wetu mmoja wa Historia alitupa kazi: kila mtu atafute habari za ndugu yake mmoja aliyehama zamani, aeleze alikwenda wapi na amebaki nani wa kizazi chake. Akatupa mfano wa watu wa Wales, kule Uingereza, ambao wengi wa wazee wao walikwenda Marekani karne ya 19 kuchimba makaa ya mawe Pennsylvania. Wajukuu wao mpaka leo wanatafutana. Wana orodha za abiria wa meli, vitabu vya makanisa, sensa ya Marekani ya kila miaka 10, na makaburi yaliyoandikwa majina. Shida yao kubwa ni kwamba majina yanafanana mno: kina Jones, Davies na Williams wamejaa kila kona.

Mimi nikacheka peke yangu pale nyuma. Natamani shida yangu ingekuwa majina kufanana! Kwetu jina la baba ndilo linakuwa jina la pili la mtoto, basi kila kizazi ukoo unabadilisha jina. Mtu akienda pwani akasilimu anapata jina jingine. Akibatizwa na wamisheni anapata la tatu. Na yule niliyemtafuta mimi, karatasi aliyoondoka nayo ilikuwa na namba.

Maana alikuwa manamba.

Wasiojua neno hili, ngoja niwape kwa kifupi. Mkonge uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche michache tu iliyosalia safarini, na kufika wakati wa Mwingereza mashamba ya Tanga yalikuwa yanameza watu kama shimo. Wenyeji wa karibu hawakuitaka sana kazi ile, wao walikuwa na mashamba yao. Basi watu wakaletwa kutoka mbali: Kigoma, Songea, Njombe, na kwetu Kusini. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, ikajulikana kwa jina la SILABU. Ulikuwa unaandikishwa, unapewa namba, unasafirishwa na kupelekwa kambini. Ndio hao manamba, watu wa namba. Maktaba hapa chuoni, kwenye kile chumba cha East Africana, kuna kitabu cha Walter Rodney na wenzake wawili, Kapepwa Tambila na Laurent Sago, kilichotoka 1983, kinaeleza habari zote hizi. Rodney aliwahi kufundisha hapahapa Mlimani, na kwa kweli kukisoma mahali alipofundisha mwenyewe kunasisimua kidogo.

Sasa, bibi yangu mzaa mama anakaa Newala, si mbali na ule ukingo wa uwanda ambapo ukisimama asubuhi unaliona bonde lote la Ruvuma mpaka Msumbiji ng'ambo. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa namsikia akimtaja kaka yake mkubwa. Kaka aliondoka miaka ya 1950, bibi akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni na kushushwa. Kaka alituma kanga mbili na hela kidogo kwa mtu aliyekuwa anarudi. Kaka alikuwa anajua kuchonga. Kaka alisema atarudi msimu wa korosho. Kila korosho zikianza kuanguka bibi anamtaja, mpaka sisi wajukuu tukawa tunamtania: "Bibi, labda mwaka huu." Nikaona kazi ya mwalimu nimeshaipata, namtafuta huyu.

Nikapanda basi la Kusini. Wazee wetu kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 walikuwa wanalala Rufiji wakisubiri kivuko, mvua ikinyesha wanalala wiki. Mimi nililalamika kwa sababu tu simu iliisha chaji Nangurukuru. Ukipita Ndanda unaanza kuona ile milima ya mawe ya Masasi, imesimama kila mmoja kivyake kama watu waliogombana.

Nilishuka Masasi kwanza, kwa sababu bibi alisema yupo mzee mmoja pale aliyewahi kuwa Tanga wakati mmoja na kaka yake. Nilimkuta kibarazani, miaka yake imepita 90, masikio mazito lakini kichwa kizima. Nikamwamkia, nikajieleza mtoto wa nani na bibi yangu nani. Kwetu usipoanza hivyo hupati kitu. Mzee hakuniuliza jina la babu wala jina la pili. Aliuliza neno moja: "Litawa gani?"

Hapa nieleze, maana najua wengi wenu si Wamakonde. Litawa ni ukoo, na sisi ukoo tunaufuata kwa mama. Mimi ni wa litawa la mama yangu, yeye ni wa litawa la bibi, bibi la mama yake. Mjomba ana sauti kwako kuliko unavyofikiri. Zamani kila kijiji chenye watu wa ukoo na ardhi yao kiliitwa chirambo, na mkuu wake alikuwa mkulungwa. Waingereza walipokuja wakahangaika kutafuta mtemi mkubwa wa Wamakonde wote ili wamtawalie watu, hawakumpata, kwa sababu hakuwepo. Kilichokuwepo ni virambo vingi na watu wanaojua litawa lao.

Nikamtajia. Mzee akanyamaza, akatikisa kichwa, akasema maneno ambayo nimeyaandika siku ileile usiku nisije nikayasahau: "Yule kijana alifia kulekule kambini, homa. Hakuacha mtoto. Lakini kwani wewe unamtafuta yeye ya nini? Hata angezaa, watoto wangekuwa wa kwa mama yao. Dada yake je?"

Nikasema, dada yake ndiye bibi, yupo Newala.

"Siyo huyo. Mkubwa wake. Aliyemfuata mume."

Wadau, mimi sikuwa na habari kwamba bibi alikuwa na dada. Nyumbani sijawahi kumsikia akitajwa hata siku moja! Mwanamume aliyekwenda kufanya kazi alikuwa na hadithi, ana kanga zake mbili, ana msimu wake wa korosho. Mwanamke aliyemfuata mumewe, basi, kamfuata mumewe. Hadithi imeishia hapo. Na kumbe kwa hesabu yetu wenyewe ya ukoo, watoto wa kaka si wa litawa letu, ila watoto wa dada ni wetu kabisa. Miaka 70 tumemsubiri asiyeweza kutuongezea ukoo, tukamsahau aliyeubeba.

Mzee akaendelea. Yule dada na mumewe hawakukaa sana kwenye mkonge. Watu walikuwa wanaambiana kwamba kaskazini, ng'ambo ya mpaka, kuna kazi ya miwa. Kutoka Tanga mpaka Kwale si mbali. Wakavuka, kabla Kenya haijapata uhuru, wakaenda Ramisi kwenye shamba la sukari. Basi, anachojua yeye mwisho hapo.

Kesho yake nikapanda kwenda Newala. Nilipomtajia bibi habari ya dada yake, aliendelea kupepeta karanga zake kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Alikuwa ananisuka." Tu. Usiku wake ndipo akaanza kuongea, na mengine yalinishangaza kuliko ya dada.

Kumbe wazazi wa bibi wenyewe hawakuzaliwa Newala. Walizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mreno, wakavushwa mto wakiwa watoto. Kule enzi hizo palitawaliwa na Kampuni ya Niassa, ambayo ilipewa eneo lile na Ureno 1891 na ikalishika mpaka 1929, kwa kodi na kazi za kulazimishwa. Halafu ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Oktoba 1916 Wareno waliokuwa wamevuka Ruvuma waliikamata Newala, na mwezi uliofuata Wajerumani wakawatimua. Katikati ya mambo hayo watu wa kawaida walikuwa wanakimbia huku na huku wakitafuta pa kulala pasipo na mtu wa kuwabebesha mizigo ya jeshi. Wazazi wa bibi walifika juu ya uwanda, wakapokelewa na watu wa litawa lao ambao walikuwepo tayari, wakapewa pa kulima. Wakawa wa Newala.

Niliporudi chuoni nikamsumbua rafiki yangu wa Muheza. Yeye akamsumbua shangazi yake wa Tanga mjini, shangazi akamjua dereva wa magari ya Horohoro, dereva akamjua mama mmoja muuza samaki upande wa Msambweni. Mwezi na nusu tulikuwa tunapelekeana sauti za WhatsApp. Mimi kila ninayempata namwambia mambo matatu: litawa, Newala, na mke aliyekwenda Ramisi kutoka mkonge wa Tanga. Jumapili moja jioni, nafua nguo zangu hosteli, simu ikaita, namba ya Kenya.

Sauti ya mwanamke mtu mzima. Nikamwamkia. Hakuitikia haraka. Akauliza, "Kwanza niambie, wewe ni mtu wa serikali?"

Nikamwambia mimi mwanafunzi tu, nina deni la bodi ya mikopo, serikali ndiyo inanidai. Akacheka kidogo. Halafu akaniuliza litawa. Nikataja. Akanyamaza. Akaniuliza mama ya bibi yako aliitwa nani. Nikataja, nikamsikia anashusha pumzi.

Ni binti wa dada yake bibi. Amezaliwa Kwale karibu na 1960. Kwa hesabu zetu huyo si mtu baki wala binamu wa mbali, huyo ni mama yangu mkubwa. Nikaanza kumwaga maswali kwa furaha, mmezaliwa wangapi, jina lenu la pili nani, niandike wapi. Akanikata: "Mwanangu, ongea nami mpaka kesho. Lakini jina letu usiliandike popote, na usiandike kwamba sisi ni watu wa Newala."

Wadau, pale ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nacheza na kitu nisichokijua.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, aliyezaliwa Kenya alikuwa raia moja kwa moja kama mzazi wake mmoja naye alizaliwa Kenya. Mama mkubwa alizaliwa Kenya, lakini wazazi wake wote wawili walitoka kwingine. Watu kama hao waliachiwa muda wa miaka 2 hivi wajiandikishe. Nani angewaambia wakata miwa wa Ramisi? Na Wamakonde wengi zaidi wa Kwale, Kilifi na Taita Taveta asili yao ni Msumbiji moja kwa moja, walipita kwetu tu wakielekea mashambani. Wakaishi, wakazaa, wakazika, na kiwanda cha sukari kikafa mwishoni mwa miaka ya 1980, wao wako palepale bila kitambulisho.

Bila kitambulisho Kenya ni maisha gani? Huwezi kufungua akaunti benki. Huwezi kuandikisha laini ya simu kwa jina lako wala kupokea hela kwa M-Pesa. Huwezi kuandikisha ardhi. Kumwandikisha mtoto wako ni kazi. Mama mkubwa anasema waliishi kwa kuazima: laini ya jirani, jina la jirani, na jirani akikasirika umekwisha. Na kila mkigombana kisimani mtu anakwambia rudi kwenu Tanzania. Kwao wapi? Yeye hajawahi kuvuka Horohoro.

Sheria mpya ya uraia ya 2011 ilifungua mlango kwa waliokuwepo Kenya tangu siku ya uhuru bila utaifa wowote, na watoto wao, lakini kwa muda wa miaka 5 tu. Miaka ikayeyuka. Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale wakaamua kwenda Nairobi kwa miguu kumwona rais, wazee, akina mama, watoto. Walizuiwa njiani lakini hawakurudi, na mwishowe Rais Uhuru Kenyatta akawapokea Ikulu na kuagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba. Mwanzoni mwa 2017 wakaanza kuvipata, zaidi ya watu 1,000, na Wamakonde wakahesabiwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Wengine waliokuwa na shida hiyohiyo wakapata moyo: Washona walipewa baada yao, na Wapemba wa pwani ya Kenya wakatambuliwa 2023.

Mama mkubwa alipata chake akiwa amevuka miaka 55. Siku ile alikwenda kununua laini ya simu kwa jina lake mwenyewe, hiyohiyo aliyonipigia. Sasa mimi mtoto wa juzi nimetokea na kalamu, nataka kuandika kwamba asili yao ni Newala. Kwangu ni kazi ya nyumbani ya alama 20. Kwake ni kumpa mtu sababu ya kumwambia tena arudi kwao.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikwenda kuangalia sheria yetu wenyewe ya mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru. Wadau, ni karibu ileile! Aliyezaliwa Tanganyika alikuwa raia kama mzazi wake mmoja alizaliwa Tanganyika. Bibi yangu alizaliwa Newala, sawa. Wazazi wake je? Ng'ambo ya Ruvuma wote wawili. Ukiisoma sheria kwa herufi zake, bibi alikuwa na shida ileile ya dada yake. Tofauti ni kwamba Newala hakuna aliyekuja kumuuliza. Alikuwa kwa watu wa litawa lake, analima, anapiga kura, maisha yanaendelea. Mtoto wake akasoma, na mjukuu yuko hapa Mlimani analalamikia chakula cha kafteria.

Nikakumbuka na Masasi. Mnajua ule mji ulianzaje? Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliondoka Zanzibar na watumwa waliokombolewa, kama 50 hivi, akiwa na nia ya kwenda nao Nyasa, kwao wengi. Walipofika chini ya ile milima ya mawe wakasema inatosha, hapa panafanana na nyumbani, hatuendi mbele. Wakajenga. Mwaka 1882 Wangoni wakawashambulia, wengine wakakimbilia Newala kwa chifu Matola, Myao. Leo nenda Masasi kamwambie mtu wa ukoo ule kwamba si mtu wa Masasi, uone utakavyojibiwa. Kusini kote ni watu waliokuwa wanakwenda mahali wakaishia mahali pengine. Wale wa Steere walichoka Masasi, wazazi wa bibi wakachoka Newala, na dada yake bibi akachoka Ramisi. Nani alichoka kutembea wapi, ndio tofauti yote iliyopo kati yangu na mama mkubwa. Miaka 53 bila karatasi, tangu 1963 mpaka 2016, kwa sababu ya hiyo tu.

Kazi ya mwalimu niliipeleka bila jina la mtu, bila jina la kijiji, na hapa pia ndivyo nilivyofanya. Hata haya niliyoandika nimemsomea mama mkubwa kwenye simu kwanza. Akasema sawa, hata Newala iache, Newala ni kubwa, lakini kile kipande cha mgomvi wa kisimani nisimtaje ni nani. Sikumtaja.

Kilichobaki ni kuwakutanisha. Nilipokwenda tena Newala nilikaa na bibi ukumbini, nikapiga simu, nikaweka sauti ya juu. Wakaamkiana. Kiswahili cha Kwale na cha kwetu vikawa vinapishana kidogo, halafu mama mkubwa akabadilisha, akaongea Kimakonde. Cha zamani, bibi anasema, cha mama zake, hata vijana wa Newala hawakiongei hivyo tena. Bibi bado alikuwa na wasiwasi, akamuuliza: mama yako alikuwa anakwambia nini kuhusu maji?

Ni swali la mtego. Uwandani juu kwetu hakuna mto wala kisima, ni mchanga mtupu. Kabla ya mradi wa maji wa miaka ya 1950 wanawake walikuwa wanateremka ukingoni usiku wa manane, wanachota bondeni, wanapanda na mitungi mpaka jua linawakuta njiani.

Mama mkubwa akasema: "Alikuwa anasema kuna mti njiani mkipanda, mnapumzika hapo, na mdogo wake alikuwa anajifanya kuumwa mguu ili abebwe."

Bibi akaangalia mguu wake. Akasema, "Ulikuwa unauma kweli."

Wakacheka wote wawili mpaka salio likakata.

Bibi sasa anataka kwenda Kwale. Miguu haimruhusu, lakini ameshaanza kutenga korosho za kubeba, na safari hii akizitaja hatumtanii tena. Mimi natafuta nauli. Nanyi wadau, mkienda likizo waulizeni bibi zenu habari za waliohama wakingali na nguvu za kusimulia. Na wakiwatajia kaka, msiondoke. Ulizeni na dada.

Kwa leo naishia hapa, nguo zangu bado ziko kwenye kamba na wingu limetanda. Tuonane.